Utafiti wa Pemba uliokosekana kwenye orodha ya Pemba

Orodha ya marejeleo ya tasnifu ilikuwa na vyanzo kumi na kimoja, na juu yake msimamizi alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Rudi maktaba. Nataka makala zilizopitiwa na wataalamu, si kila kinachotokea kwenye simu." Mwenye orodha ni mwanafunzi wa uuguzi, mtu wa Wete, yuko mwaka wa mwisho. Mada yake ilikuwa ya nyumbani kabisa: watoto wa Pemba walio chini ya miaka mitano wanaopungukiwa damu, na je, kuwapa wote madini ya chuma bila kuwapima kwanza kunawasaidia au kunawadhuru?

Mimi ni mkutubi, na orodha zenye wino mwekundu naziona kila msimu wa tasnifu. Hii nimeona niichambue kwa sababu haikuwa ya mvivu. Karibu nusu ya vyanzo vyake vilikuwa vimepita kwenye kitafutio cha maktaba kwa alama ya tiki, pale penye kisanduku cha "majarida yaliyopitiwa na wataalamu", yaani yale ambayo makala zake hukaguliwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapwa. Alifanya alivyofundishwa. Na juu ya hayo yote, utafiti mkubwa kuliko wote kuhusu swali lake, uliofanyika kisiwani kwake kwa watoto zaidi ya 24,000, haukuwemo.

Tuanze na vilivyokuwemo. Viwili vilikuwa kurasa za tovuti za afya zisizo na jina la mwandishi, kimoja habari ya gazeti. Hivyo vitatu havina mjadala, ni vya kuondolewa. Kimoja kilikuwa tasnifu ya uzamili kutoka chuo kimoja cha Bara. Kimoja ripoti ya utafiti wa kitaifa wa afya na malaria wa 2022, ule unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali ya Zanzibar. Kimoja mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 kuhusu kuwapa watoto madini ya chuma kila siku. Vitano vilivyobaki ndivyo vyenye tiki, na ndivyo vilivyomchanganya, maana yeye aliviona vitano hivyo ni salama na msimamizi amekataa hata humo.

Nilimwambia afungue kimoja kimoja kwenye kompyuta, asiishie kwenye ukurasa wa matokeo. Cha kwanza kilikuwa kimechapwa na jarida la The Lancet, mwaka 2006. PDF yake alitumiwa na mwenzake kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Kabla ya kukiingiza kwenye orodha akakitafuta kwa jina kwenye kitafutio cha maktaba, tiki ikiwa imewekwa. Mara ya kwanza hakikuja, kwa sababu alikuwa ameweka kikomo cha miaka kumi. Akakiondoa kikomo kwa ajili ya hicho tu, kikaja, akatulia.

"Ami, hili si Lancet?" akaniuliza.

"Ni Lancet, mwanangu. Sasa nionyeshe walipima watoto wangapi."

Akashuka na ukurasa, akapanda, akashuka tena. Kurasa mbili zikaisha hazina jedwali, hazina sehemu ya mbinu, hazina hata ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo wa makala. Juu kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa pameandikwa neno lenye maana ya "maoni".

Hapo ndipo kisanduku kile kinapowapoteza watu wengi, na sioni kama kosa ni lao. Kisanduku hakiisomi makala. Kinaangalia jarida: kama jarida limeandikishwa kuwa ni la kupitiwa na wataalamu, basi kila kilichomo ndani ya jarida hilo kinapita. Jarida kama The Lancet, linalotoka London tangu 1823, huchapa tafiti, lakini pia huchapa tahariri, barua za wasomaji, maoni ya walioalikwa, habari, uchambuzi wa vitabu na tanzia za madaktari waliofariki. Tiki moja inavipitisha vyote pamoja. Zaidi ya hapo, taarifa kwamba jarida fulani linapitiwa na wataalamu kwa kawaida hutokana na maelezo ya mchapishaji mwenyewe, kwa hiyo mchapishaji asiye mkweli naye hupata njia.

Waandishi wa maoni yale ni watu wanaojua wanachokisema, na yafaa kusomwa. Ila yanatoa hukumu juu ya utafiti wa watu wengine, na mwanafunzi alikuwa anayataja kana kwamba ndiyo utafiti wenyewe. Aliandika "utafiti umeonyesha", akaweka mabano, akaweka maoni. Msimamizi anayeijua mada lazima ashtuke.

Maoni hayo hayo ndiyo yaliyotufikisha kwenye utafiti wenyewe. Tuliyatafuta kwenye PubMed, kanzidata ya bure ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. PubMed haina kisanduku cha "kupitiwa na wataalamu", jambo linalowashangaza wanafunzi kila mara. Ila kwa kazi hii ina kitu bora zaidi: kila rekodi inataja aina ya maandishi, kama ni jaribio la kitabibu, mapitio, barua, tahariri au maoni. Na rekodi ikiwa ya maoni, huwekewa kiungo kinachosema ni maoni juu ya makala gani. Tukabonyeza kiungo.

Ikafunguka makala ya Sunil Sazawal na wenzake, The Lancet, 2006, toleo lile lile. Katika taasisi za waandishi imo Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, pale Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake. Mwanafunzi alipoliona jina la Wawi alicheka kwanza, kisha akanyamaza akasoma.

Ikisiri peke yake inatosha kuonyesha tofauti kati ya utafiti na maoni. Watoto wa miezi 1 hadi 35 wanaoishi Pemba waligawiwa kwa bahati nasibu: kundi moja likapewa chuma na asidi ya foliki kila siku, la pili likapewa hivyo pamoja na zinki, la tatu likapewa kidonge bandia. Dozi ya chuma ilikuwa miligramu 12.5, na nusu yake kwa aliye chini ya mwaka. Makundi ya chuma yalisimamishwa mapema, Agosti 19, 2003, kwa ushauri wa kamati iliyokuwa ikifuatilia usalama. Hadi siku hiyo walikuwa wamefuatiliwa watoto 24,076. Waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufariki au kuhitaji matibabu ya hospitali. Vifo peke yake vilikuwa juu kwa asilimia 15, lakini upana wa makadirio ulianzia chini ya sifuri, kwa hiyo tofauti hiyo ya vifo haikuthibitika kitakwimu, na waandishi wametoa namba zote ili msomaji ajionee.

Ukiweza kuiuliza makala maswali haya ikakujibu (nani, wangapi, walipewa nini, walilinganishwa na nani, tofauti ni kiasi gani na uhakika wake ukoje) uko mbele ya utafiti. Maoni hayajibu, yanajadili. Mimi naliona hili ni jaribio zuri kuliko orodha ndefu za ishara zinazobandikwa ukutani, kwa sababu orodha hizo husema "ina marejeleo mwishoni", na maoni yale nayo yalikuwa na marejeleo.

Sasa, kwa nini makala hii haikuja mwanzo? Nilimtaka anionyeshe alivyokuwa akitafuta, na sababu zilikuwa zaidi ya moja.

Kwanza, alitafuta kwenye uga wa kichwa cha makala, kama wanavyofanya wengi wakichoka na matokeo maelfu. Na kichwa cha makala ya Sazawal hakitaji Pemba wala Zanzibar. Kinataja tu mazingira yenye maambukizi mengi ya malaria. Jina la kisiwa limo ndani ya ikisiri. Hili ni jambo la kawaida kwa majarida makubwa: ukiandika kwa wasomaji wa dunia nzima, unataja hali, hutaji kijiji. Mtu wa kisiwani anayetafuta kwa jina la kisiwa lazima atafute mpaka kwenye ikisiri.

Pili, jina la Pemba lenyewe lina wenyewe wengi. Ipo Pemba, mji mkuu wa mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, wenye tafiti zake za afya. Wapo Washerpa wa Nepal wanaoitwa Pemba, na kanzidata ukiiachia itafute kila mahali itakuletea pia makala ambazo Pemba ni mwandishi. Kwa upande mwingine, tafiti kadhaa zilizofanyika Pemba zimeandikwa "Zanzibar" kwenye kichwa. Mfano mzuri ni utafiti wa Rebecca Stoltzfus na wenzake uliotoka kwenye BMJ, jarida la tiba la Uingereza, mwaka 2001, kuhusu chuma, dawa za minyoo na ukuaji wa lugha na viungo kwa watoto. Kichwa kinasema Zanzibar. Watoto wenyewe, 614, walikuwa wa Pemba. Mwanafunzi wetu alikuwa akiandika Pemba peke yake, kwa sababu ndiko kwao.

Tukauandika upya utafutaji hivi (AND ni "na", OR ni "au"): iron AND (Pemba OR Zanzibar) AND (child OR children OR infant). Baada ya neno Pemba na neno Zanzibar tukaweka alama [tiab], inayoiambia PubMed iangalie kichwa na ikisiri, iache majina ya waandishi. Washerpa wakaondoka. Wa Cabo Delgado wachache wakabaki, tukawaruka kwa macho. Kuwatoa kwa NOT, neno la kuondoa, si salama, maana makala inayolinganisha nchi mbili nayo ingetoka. Nilimwonyesha pia kwamba neno la upungufu wa damu kwa Kiingereza lina tahajia mbili, anaemia ya Waingereza na anemia ya Wamarekani. PubMed inaziunganisha yenyewe, lakini vitafutio vingi vya maktaba haviunganishi, kwa hiyo huko uandike zote mbili na OR katikati.

Tatu, na hili ndilo zito, kile kikomo cha miaka kumi. Idara yao ina sharti kwamba vyanzo visizidi miaka kumi, na mwanafunzi akaweka kichujio hicho kabla hajaandika hata neno moja la kutafuta. Makala ya 2006 ikafutika kimya kimya. Kichujio hakikwambii kimeondoa nini.

Silidharau sharti hilo, na katika kisa hiki hiki lina hoja. Pemba ya jaribio lile ilikuwa na malaria nyingi. Mwaka huo huo wa 2003 Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto zenye artemisinini, baadaye vikaja vyandarua vyenye dawa na upuliziaji majumbani, na malaria ikashuka mno. Mtu akichukua matokeo ya 2003 akayabandika juu ya watoto wa leo bila kusema haya, amepotosha. Kwa hiyo umri wa chanzo una maana, lakini dawa yake ni kuutaja na kuueleza. Chanzo kikifutwa, huna tena cha kueleza. Nilimshauri kikomo cha miaka kiwekwe mwisho, baada ya kuona kilichopo, na kila chanzo cha zamani anachotaka kukibakisha akiandikie sentensi moja ya sababu.

Kupata makala kamili lilikuwa jambo jepesi kuliko alivyoogopa. Alipobonyeza mwenyewe kwenye simu alidaiwa dola, akafunga. Wengi wanaishia hapo, kisha wanataja makala waliyosoma ikisiri yake tu. Chuo chake kimesajiliwa Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 pamoja na wachapishaji wakubwa, ili taasisi za nchi kama yetu zisome majarida ya afya bure au kwa bei nafuu. Sasa uko chini ya mwavuli wa Research4Life pamoja na mipango dada ya kilimo, mazingira, teknolojia na sheria. Unaingia kwa nywila ya taasisi, unaifungua PubMed ukiwa ndani ya mlango huo, na njia ya kufikia makala kamili inaonekana. Nywila iko kwa mkutubi. Jamani, nywila hii isitupwe kwenye makundi ya WhatsApp. Taasisi inaweza kufungiwa, na wakifungiwa ni chuo kizima.

Akiwa nyumbani ambako hana Hinari, Google Scholar ina kiungo cha "matoleo yote" chini ya kila tokeo, na mara nyingi mojawapo ni nakala halali ya bure. Na ina kingine cha thamani zaidi kwa mtu mwenye makala ya zamani mkononi: orodha ya waliokuja kuitaja baadaye. Tukaanzia kwa Sazawal tukasonga mbele. Humo akakutana na mapitio ya 2016 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, ya Neuberger na wenzake, yanayokusanya majaribio ya chuma kwa watoto wa maeneo yenye malaria. Jibu lao linaliweka jaribio la Pemba mahali pake: penye huduma nzuri za kuzuia na kutibu malaria, chuma hakionekani kuongeza ugonjwa, pasipo na huduma hizo, kinaweza kuongeza. Toleo lile lile la The Lancet la 2006 lilikuwa pia na jaribio pacha kutoka Nepal, kusini kusiko na malaria kama ya Pemba, na kule chuma hakikuongeza vifo. Makala mbili zimepitiwa na wataalamu, zimekaa kwenye jarida moja, majibu mawili. Mwanafunzi aliyekuwa akitafuta makala "sahihi" ya kuitegemea sasa alikuwa na mjadala wa kuuandika, na sura yake ya pili ilianza kusimama hapo.

Vyanzo vinne vilivyobaki vya tiki nitavipitia haraka. Viwili vilikuwa tafiti halisi, kimoja kikiwa cha BMC Public Health, ambalo huweka hadharani ripoti za wataalamu walioipitia makala. Nilimfungulia akazisoma, na nadhani alijifunza zaidi humo kuliko kwa maelezo yangu yote. Cha tatu kilikuwa muhtasari wa mada iliyowasilishwa mkutanoni, aya moja tu iliyochapwa kwenye toleo la nyongeza, hauwi makala. Cha nne kilikuwa cha jarida ambalo jina lake lina neno "kimataifa" na linachapa kuanzia uuguzi hadi uhandisi wa barabara. Makala ilipokelewa na kukubaliwa ndani ya siku nne, na ukurasa wa mbele ulitangaza ada ya kuchapa kabla ya kutaja mhariri.

Hapo mwanafunzi akakata shauri kwamba basi majarida madogo yote aachane nayo. Nikamzuia. Jarida kutojulikana Ulaya si kosa. Majarida ya Afrika yaliyo kwenye African Journals Online yamepewa madaraja kwa mfumo wa nyota, mpaka tatu, kulingana na utaratibu wao wa uchapishaji, na Tanzania Journal of Health Research ni mfano wa la kwetu linalopatikana humo. Kwa majarida ya kusomwa bure kuna DOAJ, saraka iliyoanza Sweden mwaka 2003, ambayo haiingizi jarida lisiloeleza utaratibu wake wa kupitia makala. Tulilitafuta lile la "kimataifa" kote kuwili. Halikuwemo. Kutokuwemo peke yake si ushahidi kamili, ila ukijumlisha na zile siku nne, mimi naona inatosha kulitoa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na ripoti ya takwimu nilimwambia asivitupe. Havijachapwa na jarida na havihesabiki kwenye idadi aliyotakiwa, lakini huwezi kuandika kuhusu upungufu wa damu Zanzibar ukaacha ripoti ya takwimu, wala huwezi kujadili sera bila mwongozo unaosema chuma kitolewe, katika maeneo yenye malaria, sambamba na kuzuia, kupima na kutibu malaria. Aliviweka chini ya kichwa chao: ripoti na miongozo.

Orodha ya pili ilikubaliwa. Sazawal wa 2006 alibaki na sentensi yake ya sababu, Stoltzfus wa 2001 vilevile, na maoni yale ya The Lancet yakabaki pia, safari hii yakitajwa kuwa ni maoni. Tulichotofautiana na msimamizi ni ile tasnifu ya uzamili. Yeye aliifuta, mimi ningeibakisha kwa ajili ya orodha yake ya marejeleo tu, maana mle ndimo mwanafunzi alimoziona kwanza ripoti za zamani za minyoo ya safura Pemba, ambazo kitafutio hakikuwa kimemletea. Msimamizi ndiye mwenye kauli, na tasnifu ikatoka.